Kalunde Uliyekwenda Naye Java

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia hapa Ipuli, lakini ulinilea nisifungue mdomo mbele yako bila neno hilo, na kufa kwako hakujabadilisha kitu.

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka kuisoma, maana inahusu wivu, na wivu wangu haukuwahi kuwa siri. Kijiji kizima cha Goweko kinaujua. Ulipompakata mtoto wa jirani, nililia mpaka ukamrudisha kwa mama yake. Ulipomsifu kuku wako mwenye kishungi, nilimrushia gunzi. Ulikuwa ukicheka na kuwaambia wageni, "Huyu angezaliwa pacha, angemmaliza mwenzake tumboni." Basi mtoto huyo sasa ana miaka thelathini na minane, anatunza majalada katika ofisi moja ya mjini Tabora, anavaa miwani, na bado ana wivu. Safari hii anamwonea wivu mtu ambaye hata hajawahi kuzaliwa. Utamjua tu, kwa sababu ni wewe uliyemtengeneza.

Unakumbuka kikundi chenu cha wakulima wa mpunga kilipoletewa habari kwamba watu wanne watakwenda Indonesia, kisiwa cha Java, kukaa na wakulima wenzao miezi mitatu? Walikuchagua wewe wa kwanza, kwa sababu mistari yako ya mpunga ilikuwa haipindi. Nilikusindikiza stesheni. Ulikuwa na begi moja na mfuko wa matobolwa, vile viazi vyako vya kuchemsha na kukausha, na uliogopa kwamba huko hawatakuwa na chakula cha kueleweka. Nilikuuliza kama huogopi safari yenyewe. Ukasema babu zetu walibeba pembe kichwani kutoka hapa hapa Tabora hadi baharini, wakarudi kwa miguu. Wewe unapanda tu gari moshi na ndege, mizigo inabebwa na wengine, kwa hiyo aibu ingekuwa kuogopa. Ukaongeza kwamba mpunga wenyewe ulikuja kwetu kwa njia ile ile ya misafara, na si vibaya mtu mmoja akaenda kuwasalimia jamaa zake.

Ulirudi umenenepa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kosa la pili ni vituko ulivyorudi navyo. Ukawa unaonyesha vitu kwa dole gumba badala ya kidole cha shahada, kwa sababu kule ni adabu, na watu wakadhani kidole chako kina jipu. Ukipita mbele ya watu waliokaa unainama na kutanguliza mkono, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Mtu akipiga hodi, wewe unajibu "Monggo", karibu ya kule, na Mzee Kapela wetu wa jirani akawa anasimama nje haelewi kama amekaribishwa au amefukuzwa. Na kila sentensi ilikuwa na neno moja: kule. Kule maji yana zamu. Kule hawatupi makapi. Kule mtu akiezeka nyumba, kijiji kizima kinapanda juu ya paa, na mwenye nyumba anapika. Nilikukumbusha kwamba hata kwetu watu walikuwa wakilimiana kwa zamu. Ukasema ndiyo, walikuwa.

Na kule kulikuwa na Wulan.

Huyu Wulan alikuwa binti wa Bu Sarmi, yaani Mama Sarmi kwa kwao, mjane aliyekupa chumba nyumbani kwake. Nilimsikia kabla sijamwona, nikamchoka kabla sijamjua. Wulan anaamka mapema. Wulan anashika haraka, ukimwonyesha kitu mara moja basi. Wulan haogopi matope. Nilikuja Goweko Jumapili moja, nimekuletea sukari na sabuni, na wewe ulikuwa unapepeta mchele ukinisimulia jinsi Wulan alivyokuwa akikufuata majini toka asubuhi, mkipanda bega kwa bega. Nilivumilia nikashindwa. Nikasema, "Si ungebaki huko kwa binti yako?"

Uliacha kupepeta. Ukasema kwa sauti ya chini, "Wulan ni wa shamba. Wewe nilikutoa shambani kwa nguvu zangu zote. Usinirudishe nyuma."

Sikuridhika. Maana mimi ndiye niliyekuwa nimekatazwa, mama. Watoto wote wa Goweko walishuka majarubani na mama zao, mimi nikabaki juu ya tuta na daftari. Nilikuwa na miaka saba siku nilipokufuata kwa siri, nikaingia kwenye tope na sare ya shule, nikajiona nimefika peponi. Ulinitoa kwa mkono mmoja. Ukaninawisha miguu pale pale kwenye mfereji, ukanichapa viboko viwili ambavyo havikuuma, kisha ukalia wewe badala yangu. Ukasema, "Matope haya yananitosha mimi. Wewe yasikujue." Tangu siku hiyo sikushuka tena. Hata Kinyamwezi ulininyima. Ulikuwa unaongea nacho na majirani, ukinigeukia mimi unabadilisha, Kiswahili cha darasani, ili nisipate shida na walimu. Ndiyo maana mpaka leo nakisikia vizuri, lakini nikikisema watoto wanacheka. Jina lenyewe uliligawa: nyumbani nilikuwa Kalunde, na wewe ukaitwa Mama Kalunde, kwenye karatasi zote za shule na za ofisi nikawa Agnesi, jina la ubatizo. Nilikua nikijua kwamba Agnesi ndiye uliyekuwa ukimlipia jasho.

Ninachotaka kukiungama kinaanzia hapa.

Kiharusi kilipokushika upande wa kulia, nilikuleta kwangu Ipuli, hapa mjini. Nilikuogesha, nilikukorogea uji, nilikugeuza usipate vidonda. Sisemi ili unishukuru, ulinifanyia hayo yote kabla sijajua kusema asante. Nasema kwa sababu katika siku zile zote tabasamu lako, lile la nusu uso lililobaki, lilitoka kwa simu. Wulan alikuwa akituma ujumbe wa sauti kila baada ya siku mbili tatu, kwa Kiswahili ulichomfundisha mwenyewe, kwanza kule, kisha kwa simu, na sauti yake ikawa inaingia sebuleni kwangu bila hodi. Ulikuwa unaniomba nikuwekee simu sikioni. Unafumba macho. Unatabasamu. Mimi nimesimama na bakuli la uji, linapoa.

Mchana mmoja ulikuwa umelala, ujumbe ukaingia. Ulikuwa mrefu kuliko wote uliotangulia. Niliuangalia, sikuufungua, nikaufuta.

Ulipoamka uliuliza, kwa ule ulimi wako uliokuwa umeanza kuwa mzito, "Kule wamesemaje?" Nikakuambia mtandao unasumbua. Ukasema si neno, watatuma tena. Siku kumi na moja baadaye ulifariki, na hawakuwa wametuma tena, kwa sababu walikuwa wakisubiri jibu lako.

Tulikuzika Goweko, pale ulipotaka. Nilimwandikia Wulan maneno machache: mimi ni binti yake, mama ametutoka. Alilia kwenye simu kwa muda mrefu kiasi kwamba niliona ananizidi, na hilo nalo nikalionea wivu.

Mwaka mmoja ukapita. Kikundi chenu kikaalikwa tena, wiki mbili tu safari hii, wakati wa kupandikiza. Mwenyekiti akasema nafasi ya Mama Kalunde aende binti yake. Watu walinishangaa nilipokubali, mimi ambaye nikinunua mchele sokoni siulizi ni wa mbegu gani. Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Niliwaambia ofisini nakwenda kujifunza kilimo. Uongo. Nilikwenda kukiona hicho kijiji kilichoniibia mama.

Kijiji chako kinaitwa Wonosemi, mama. Uliniambia habari zake zote, jina hukuwahi kulitaja. Nilikuwa nimekiandalia chuki ya kutosha, lakini nikwambie ukweli, kilinipa shida tangu mwanzo. Ni kidogo. Nyumba zina vigae vyekundu, zimebanana, na kati ya nyumba na nyumba kuna migomba na minazi na mifenesi, ukitoka hapo ni mpunga tu, ngazi kwa ngazi, mpaka miguuni mwa mlima unaotoa moshi. Kwetu mtu anatembea nusu saa kufika kwenye jaruba lake. Wao wanatoka jikoni wanaingia shambani. Na mashamba yenyewe madogo! Eneo la Bu Sarmi lote lingeingia kwenye jaruba letu moja la bondeni na nafasi ikabaki, lakini anakula humo, na binti yake amesoma kwa humo humo. Asubuhi unaamshwa na mifagio. Kila nyumba inafagia uwanja wake kwa ufagio wa njiti, na hakuna anayeanza kuongea kabla hajamaliza.

Wulan alinipokea barabarani. Mfupi, mwembamba, amejifunga ushungi wa bluu. Akaninyooshea mikono miwili na kusema, "Mwangaluka, dada Kalunde."

Mama, nilikaribia kugeuka nirudi uwanja wa ndege. Aliivuta ile "lu" kama wewe unavyoivuta. Kinyamwezi cha Goweko kinatoka kinywani mwa mtu wa Java, mbele yangu mimi ambaye ulininyima. Nilimjibu kwa Kiswahili.

Alinipa chumba ulicholala. Kanga yako ya zambarau, ile niliyoitafuta msiba mzima, ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, imefuliwa. Uani, kando ya mihogo yao waliyoikausha, kulikuwa na ungo mpana wa mianzi umejaa matobolwa. Uliwafundisha. Bu Sarmi aliniletea sahani, akasimama kuona kama yamekaa sawa, na yalikuwa yamekaa sawa kabisa. Mimi ulinifundisha kuyala tu.

Siku tatu za mwanzo nilikuwa napita nyumba kwa nyumba na Wulan, nanywa chai ya sukari nyingi, nakula tempe, maharage yao ya kuvunda wanayoyakata vipande na kukaanga, na kila nyumba ilikuwa na mama yangu wa kwao. Mmoja alinionyesha jinsi ulivyokuwa ukicheka huku ukijipiga paja. Sijawahi kukuona ukijipiga paja. Mwingine aliimba kipande cha wimbo wako wa kupandia, maneno ameyavuruga lakini sauti ndiyo, na mimi sikuwa nimewahi kuusikia wimbo huo. Kwetu ulikuwa mtu wa kunyamaza, mama. Ukirudi shambani uliuliza kama nimemaliza hesabu, ukala, ukalala. Nilikaa kwenye mikeka yao kama jirani wa mbali aliyechelewa msiba, nikaitikia kwa kichwa.

Lakini walikuwa wananiita Kalunde, na hilo lilinipoza. Kila nilipopita, wanawake walisema jina langu, wakanyoosha gumba kunielekeza kwa wenzao, wakanong'ona kwa heshima. Bu Sarmi alinishika kiganja akakipapasa, akasema kitu kwa Wulan. Nilidhani wananiheshimu kwa sababu yako. Nikaanza kuvimba kichwa. Nikasema moyoni, naam, Wulan ni Wulan, lakini mtoto wa kuzaliwa anajulikana.

Siku ya nne ilikuwa ya kupandikiza shamba la Bu Sarmi.

Walikuja wanawake kumi na mmoja, wote na kofia zile pana za mianzi, wakajipanga mstari mmoja ndani ya maji. Katikati wakaacha pengo. Wulan akanieleza kwamba wa katikati ndiye anayeongoza mwendo. Akienda haraka wote wanaenda haraka, mstari wake ukipinda na shamba zima limepinda. Pale husimama fundi. Kisha akanipa fungu la miche na kunielekeza kwenye pengo, kwa gumba.

Ningesema hapana, mama. Kinywa kilikuwepo. Lakini nilimwona Wulan amesimama kushoto kwa pengo lile, mahali ambapo bila shaka alisimama ukiwa wewe katikati, na ule wivu wangu ukanisukuma mgongoni. Nilikunja suruali nikaingia.

Niliingiza mche wa kwanza, nikaingiza wa pili, nikapiga hatua mbele. Nikaingiza wengine, nikapiga hatua mbele. Nilikuwa nakwenda kama mtu anayepiga jembe, maana kule tutani macho yangu yalikuwa kwenye daftari, kupanda sikuwahi kukutazama; jembe ndilo nililoliona, na mwenye jembe huenda mbele. Niliposikia kimya niliinua kichwa. Wenzangu wote walikuwa nyuma yangu, mbali, wanazidi kuwa mbali. Wao walikuwa wanapanda wakirudi kinyumenyume, miche inabaki mbele ya macho yao, haijaguswa. Yangu nilikuwa nimeikanyaga yote. Kulikuwa na njia nyeusi ya nyayo zangu, na miche imelala kwenye tope kila upande.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Waliinamisha macho, watu wa adabu wale, wakajifanya wanapanga miche mikononi. Ni Bu Sarmi peke yake aliyeendelea kuniangalia. Akasema sentensi moja. Wulan alisita kuitafsiri, akaangalia maji, mwishowe akaniambia.

"Mama anauliza, wewe ni Kalunde yupi?"

Sikuelewa. Ndipo nikaelezwa, nimesimama vile vile ndani ya maji mpaka magotini, habari za binti yako.

Kalunde wa Goweko ndiye mpandaji bora wa bonde zima. Hahitaji kamba, jicho lake ndiyo kamba. Anaweka miche miwili kila shimo, hazidishi, hapunguzi. Alianza kushuka majarubani na mama yake akiwa na miaka saba, kwa hiari yake, na sare ya shule, na mama yake hakuwa na moyo wa kumtoa. Wimbo wa kupandia mnauimba pamoja, yeye anaanza, wewe unaitikia. Ana hasira ya karibu na wivu usio na mfano. Mtu mwingine akisimama katikati, Kalunde anatoka shambani na kwenda kukaa juu ya tuta. Hapo wanawake walitabasamu kidogo. Ulikuwa unawaambia habari hizi kila asubuhi mkipanda, Wulan akitafsiri, walisema, kila siku kipande kipya, na siku mvua ilipowazuia walikuja wenyewe nyumbani kwa Bu Sarmi kukuuliza Kalunde jana alifanya nini.

Wulan akaniuliza kwa upole kama ule ujumbe wao wa mwisho ulikufikia. Ule mrefu. Walikuwa wameurekodi wote, siku ya kwanza ya kupandikiza, wamesimama shambani. Walikuwa wanakuambia nafasi ya katikati wameiacha wazi, umtume Kalunde, wamechoka kumsikia kwa masikio tu.

Nikasema ulikufikia. Nikasema ulicheka.

Bu Sarmi bado alikuwa anangoja jibu lake. Nikajibu, na namshukuru aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba mtu anaweza kuwa na majina mawili. Nilisema, "Mimi ni Agnesi. Kalunde ni dada yangu. Nilipoitwa jina lake niliona haya kuwasahihisha." Wulan akageukia orodha ya majina ya wageni kwenye simu yake, akaona kweli pameandikwa Agnesi, na uso ukamfunguka. Ukawafunguka wote. Wakauliza mbona dada hakuja. Nikasema alibaki kupanda.

Hapo sasa wakacheka. Walicheka kwa raha, wakasema ndivyo alivyo.

Basi siku zilizobaki nilikuwa mdogo wangu mwenyewe. Waliniweka pembeni kabisa, karibu na Bu Sarmi, naye akanifundisha kwa kunishika mikono kama unavyomfundisha mtoto kula. Mche unashikwa kwa vidole vitatu. Unauzamisha mpaka fundo la kidole la kwanza. Unarudi nyuma, na unaamini kwamba nyuma kuna mahali pa kukanyaga. Mgongo uliniuma kwa namna ambayo sikuwa najua mgongo unaweza kuuma, na usingizini nikawa naona kijani. Nilianza kukipenda kijiji chako, mama, nikachukia kukipenda. Wulan naye nilimkubali. Siku moja tulipokuwa tunanawa miguu mferejini aliniambia kwamba wewe hukuwahi kumwita binti yako, hata mara moja. Ulikuwa unamwambia, "Ukijitahidi, utamkaribia Kalunde." Miezi mitatu alikuwa anamwonea wivu, akasema, na bado hajamaliza. Nilimwambia tuko wawili. Alidhani ni utani wa dada na dada.

Siku ya kuondoka Bu Sarmi alinipa kofia ya mianzi, mpya, aliyoisuka mwenyewe, nimpelekee Kalunde. Nimeileta. Ipo juu ya kabati, hapa Ipuli, na siivai. Si yangu.

Sasa nina swali, na wa kumuuliza sina. Kwa nini uliwaambia vile?

Labda ulikuwa unaona aibu tu. Umefika kijiji cha wakulima, kila mwanamke ana binti ubavuni kwake, na wewe ungesemaje? Kwamba wangu nilimkataza? Labda zilikuwa hadithi za kupitishia asubuhi, maji ni baridi na mstari ni mrefu. Au labda, mama, kila siku uliponiacha juu ya tuta na daftari, ulishuka ukatamani nikufuate, na kila nilipotaka kukufuata ukanichapa ili nisione unavyotamani. Hili la mwisho ndilo ninalolitaka liwe kweli. Na ndilo linalonitesa kuliko yote.

Ujumbe ule ungenijulisha. Ningeufungua tu, ningeisikia sauti ya Wulan ikisema mtume Kalunde mpandaji, ningekuja kitandani kwako nikitokwa povu, kama kawaida yangu, nikikuuliza ni Kalunde gani huyo. Ulikuwa bado unaongea. Ulikuwa na siku kumi na moja za kunijibu. Nilizifuta kwa kidole kimoja, kwa sababu sikutaka mwanamke mwingine akupe tabasamu. Nisamehe, kama huko mnasamehe. Mimi bado sijaweza.

Mzee Kapela aliomba majaruba yetu ayalime yeye, kwa kuwa mwenyewe sipo na silimi. Nilimwambia angoje. Masika haya nilikuwa nakwenda Goweko kila Ijumaa jioni, narudi Jumapili, na nimepanda jaruba moja, lile dogo. Watu walikuja kutazama, binti wa ofisini na miwani yake anarudi kinyumenyume kwenye maji. Mistari imepinda. Mzee Kapela, ambaye ulimjua hana siri, alisema ungeiona ungeng'oa yote uanze upya. Nikasema najua.

Wulan nimemwachia alichokipata. Alikupenda, akakufulia kanga. Lakini Kalunde yule siwezi, mama, nimejaribu. Yeye alishuka nawe kila asubuhi, hukumtoa kwa mkono, hukumnawisha tope. Ulimwimbia, naye akaujua wimbo wote. Mimi nitajifunza kupanda, labda hata mistari itanyooka, na siku ikinyooka nitainua kichwa niangalie nani ameiona. Yeye alikuwa na wewe pembeni. Ningeiacha ofisi na kalamu zake zote kwa asubuhi moja tu kati ya zile ulizompa yeye, na wewe ungenikataza, na mimi ningeshuka hivyo hivyo.

Lala salama, mama. Ukimwona huko, maana nadhani yupo kwako, mwambie nafasi ya katikati ni yake. Ninayoitaka mimi ni ya kuwa karibu nawe.

Ni mimi,
binti yako uliyemzaa.